Mtu wa Hatua ya Tatu

Mkinisikia nasema nilikuwa fundi wa taipureta, mnaangua kicheko. Irene, mjukuu wangu wa pili, aliwahi kuniuliza kama taipureta ni ndugu yake cherehani. Nikamjibu ndiyo, baba mmoja mama mbalimbali. Basi huyo ndugu wa cherehani ndiye aliyewasomesha mama zenu, kwa hiyo chekeni, lakini kwa adabu.

Juzi mlikuwa sebuleni hapa Kimara mnalinganisha simu, nani ana watu wengi zaidi kwenye ule mtandao wa kutafutia kazi na wateja. Nikamsikia Irene anasema, "Hawa wengi wala siwajui, nawaongezaga tu." Neno hilo limenikaa kooni. Mie nawakumbuka kwa majina watu walionisogezea ujumbe mmoja, mmoja tu, kwenye mtandao wa aina hiyo ulipokuwa bado mchanga, na hadi leo nikiwafikiria mwili unanisisimka. Wekeni hizo simu chini kidogo.

Ufundi nilifundishwa na Mzee Mbwana wa Temeke. Sikwenda kwake kujifunza. Nilitoka Masasi na cheti cha uchapaji, nikapata ofisi, na siku moja nikatumwa nipeleke mashine iliyougua kwenye karakana yake. Nilitakiwa niiache nirudi. Mie nikachuchumaa pale mlangoni nikawa namwangalia anavyoifungua, vile vijiti vya herufi vimejipanga kama mbavu za samaki, hata sikuona saa zinavyokwenda.

Akaniuliza, "Binti, kazi yako ni kuchapa au kuchungulia?"

"Shikamoo mzee. Kuchungulia."

"Marahaba. Basi shika bisibisi, macho peke yake hayafungui skrubu."

Mzee Mbwana alikuwa na sheria zake. Kabla ya kugusa mashine unatandika kitambaa cheupe, na kila skrubu inayotoka unailaza kwa mpangilio uleule iliyotokea, ili wakati wa kurudisha usije ukabaki na skrubu mkononi unajifanya ilikuwa ya ziada. Mafuta ya kupikia ni mwiko, yanaganda yanakuwa gundi. Na kubwa kuliko zote: mashine ikiruka herufi, mtazame kwanza mchapaji. "Mashine haina kinyongo," alikuwa akisema. "Mwenye kinyongo ni mtu. Muulize mtu kwanza." Nimefungua mashine nyingi bure kwa kuisahau sheria hiyo. Kuna katibu muhtasi mmoja alileta mashine yake kila wiki akilalamika herufi ya a inakwama, nami kila wiki nasafisha, mpaka Mzee Mbwana akaja kumtazama anavyochapa. Dada wa watu alikuwa amefuga ukucha wa kidole kidogo mrefu kama kijiko. Ukucha ulipokatwa, mashine ikapona.

Kompyuta zilipoingia, ofisi zikaanza kutumia taipureta kuzuia milango isipigwe na upepo. Mzee Mbwana alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na nashukuru hakuyaona hayo. Mie nikakusanya vifaa vyangu, nikaungana na dada yangu, tukapanga chumba cha mbele kwa Mzee Shirima kule Mabibo, si mbali na soko, jirani na hosteli za wanafunzi wa chuo. Tukafungua intaneti kafe. Kompyuta zenyewe zilikuwa na migongo mirefu kama televisheni za zamani, na ukurasa mmoja ulifunguka polepole hivi, kwanza kichwa, halafu mabega, halafu kiwiliwili, unaweza kununua karanga mlangoni ukarudi bado miguu haijafika.

Pale ndipo nilipokutana na Neema, binti wa Kihaya aliyekuwa anasomea biashara. Akishamaliza kusoma barua zake alipendaga kukaa na mie akinielekeza hili na lile. Siku moja ananiita, "Mama Leo, hebu njoo uone kitu." Jina langu Leokadia, lakini Mabibo nzima walilikata.

Kwenye kioo palikuwa na ukurasa wa kijivu, hauna picha, hauna nyimbo, majina tu.

"Huku ni kwa watu wa kazi," akasema. "Unaandika unafanya kazi gani, unawaalika unaowajua, na wao wana wanaowajua. Unaowajua ni hatua ya kwanza. Wanaojulikana na hao ni hatua ya pili. Halafu ya tatu."

"Na wa nne?"

"Wa nne huwaoni, Mama Leo. Wa tatu unamwona, ila humfikii mwenyewe. Unamwandikia ujumbe unampa wa kwanza, wa kwanza akiridhika anampa wa pili, wa pili akiridhika ndiyo anamfikishia."

Nikacheka. "Sasa hiyo si posa?"

Kweli kabisa, ilikuwa kama posa. Hupeleki barua kwa binti. Unatuma mshenga, naye mshenga ana heshima yake ya kulinda. Nyie siku hizi mnabonyeza kitufe mara moja mnaingia ndani kwa watu hata hodi hamjapiga.

Basi nikajiandikisha. Pale panapouliza kazi, nikaandika: fundi wa mashine za kuchapa. Neema akasema, "Mama, si uandike mmiliki wa kafe?" Nikamwambia kafe ni chumba, ufundi ni mkono. Niliacha hivyohivyo, na Mungu ndiye aliyeniachisha, kama mtakavyosikia.

Kosa langu la kwanza lilikuja palepale. Mtandao ukaniuliza kama naridhia ufungue anwani zangu za barua pepe utafute marafiki. Nami nilivyofunzwa adabu, ukiulizwa vizuri unajibu ndiyo. Loo! Ukapeleka mwaliko wa ushirikiano wa kikazi kwa kila mtu niliyewahi kumwandikia. Padri wa parokia. Mkwe wangu. Kuna mwanamume mmoja nilimkataa ujanani, akajibu kwa mstari mmoja: "Nilijua tu utarudi." Na kesho yake asubuhi Mzee Shirima mwenye nyumba akatokea mlangoni amevaa suti ya harusi na tai, joto la Mabibo linamchuruzisha jasho.

"Shikamoo Mzee Shirima. Kwema? Kuna msiba?"

"Marahaba Mama Leo. Nimepata barua yako ya ushirikiano wa kibiashara. Nimekuja tukae tuzungumze kitaalamu."

Nikashindwa kumwambia kuwa ni kitufe kilichoniponyoka. Nikampa kiti, nikaagiza soda, na kwa sababu tayari alikuwa amekaa nikamwandikia wasifu wake. Mzee Shirima alikuwa na malori mawili ya mizigo na alikuwa anajuana na watu wa usafirishaji nusu ya bara hili. Alitaka aandikwe Mwenyekiti. Nikamuuliza mwenyekiti wa nini, akafikiri, akasema, "Sawa, andika malori."

Neno likaenea. Wafanyabiashara wa soko la Mabibo wakawa wanakuja niwaandikie. Kazi hiyo nayo ina ufundi wake, na huu unawafaa hata nyie. Palikuwa na muuza ndizi mmoja alitaka aitwe Mkurugenzi Mkuu wa Ndizi Afrika Mashariki. Nikamwambia, kaka yangu, mtu akiona mkurugenzi mkuu anaogopa au anacheka, hanunui. Sema unauza ndizi gani, zinatoka wapi, na zinaweza kumfikia mtu siku gani. Akakubali kwa shingo upande. Haikupita muda mrefu mwenye mgahawa mmoja wa Msasani akamtafuta kwa sababu ya mstari ule wa siku ya kufika. Mtu mgeni hahitaji kujua wewe ni mkubwa kiasi gani. Anataka kujua mkono wako unaweza nini.

Neema akamaliza chuo, akapata nafasi India, kwenye kampuni ya programu za kompyuta. Akaniaga kwa machozi, mie nikamfungia ubuyu.

Sasa ndipo akaja Mwalimu Fidelis.

Alikuja na kijana wa bodaboda, amembebea begi zito begani, akaulizia kama hapa ndipo kwa yule mama fundi wa taipureta. Alikuwa Mngoni wa Songea, mtu mzima, mtanashati, miwani nyeusi na fimbo nyeupe. Haoni tangu utotoni. Alikuwa anafundisha shule moja ya msingi upande wa Temeke yenye darasa la watoto wasioona.

Akaweka begi mezani, akatoa mashine. Sikuwa nimewahi kuiona ya namna ile. Vitufe sita tu, vitatu huku vitatu huku, na kipande kirefu katikati cha kuruka nafasi. Nzito kama jiwe la kusagia.

"Hii ni mashine ya nukta nundu," akasema. "Kila herufi ni nukta zilizovimba kwenye karatasi, unabonyeza kwa pamoja. Kwetu zipo nyingi, tulipewa na wafadhili zamani. Zimekufa moja baada ya nyingine. Chumvi ya hewa ya Dar hii. Imebaki moja inayochapa, na yenyewe inameza nukta."

"Mwalimu, mie nilikuwa fundi wa taipureta. Hii siijui."

"Najua. Nimezunguka kwa mafundi wote, hakuna anayeijua. Ila nimeambiwa wewe ukifungua kitu unatandika kitambaa."

Akaendelea, sauti yake haikupanda hata kidogo: "Mama, watoto wangu wa darasa la saba wana mtihani wa taifa. Bila mashine wanaandika kwa kibao na msumari, nukta moja moja, kinyumenyume, na wakikosea hawawezi kurudi kusoma walichoandika. Wanajua majibu. Nimewafundisha mwenyewe, nawajua. Lakini muda unawaishia wakiwa bado katikati ya karatasi. Mwaka jana nilikaa nje ya chumba nikasikia kengele inalia na vibao bado vinagonga."

Nikafungua ile mashine mbele yake. Nilivyotoa kifuniko, springi moja ndogo kama ndevu za kamba wa baharini ikaruka ikapotelea sakafuni. Ndani palikuwa na kutu na vipande ambavyo sikuelewa kimoja kinamsaidiaje mwenzake. Kulikuwa na mkanda mwembamba wa chuma unaovuta kile kichwa kinachogonga karatasi, ulikuwa umekatika. Mkanda kama ule huwezi kuuchonga kwa mafundi vyuma wa Gerezani. Nikaandika kwa watu waliotajwa kwenye kibandiko cha nyuma ya mashine, barua ikarudi kwamba anwani haipo.

Siku hiyo nilikaa mbele ya kompyuta bila matumaini, nikafungua ule mtandao wa watu wa kazi, nikaandika kwenye kisanduku cha kutafutia: mashine za nukta nundu, ukarabati. Kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Ukurasa ukaanza kushuka, kichwa, mabega.

Jina moja.

Margaret. Fundi wa mashine za nukta nundu, mstaafu. Bulawayo, Zimbabwe. Hatua ya tatu.

Wanangu, mnaelewa maana yake? Katika dunia nzima, mtandao ulikuwa unamjua mtu mmoja tu aliyejiita hivyo, na kati yangu na yeye palikuwa na watu wawili tu. Mie mtoto wa Masasi niliyekaa kwenye kiti cha plastiki Mabibo, huku nje wanapakua mananasi! Niliita dada yangu aje athibitishe. Naye hakuelewa, lakini alivyoona uso wangu akakaa chini.

Mtu wa kwanza kati yetu alikuwa Neema. Wa pili alikuwa Bwana Raghavan, mzee wa Bangalore mwenye duka la kutengeneza taipureta. Neema alikuwa amepanga chumba kwake, naye na Margaret walikuwa wakiandikiana mambo ya vipuri tangu zamani.

Sasa kuandika ujumbe. Hapa nataka mnisikilize, hasa wewe Irene unayewaandikia watu, "Habari, naomba unisaidie fursa." Ujumbe wangu wa kwanza ulikuwa mrefu, umejaa kulia. Nikausoma nikaona haya. Nikaufuta. Nikakumbuka kuwa utapita mikononi mwa watu wawili, na kila mmoja lazima aone kuna sababu ya kuusogeza kwa jina lake. Nikaandika mimi ni nani, mkono wangu umefanya kazi gani, mashine imekufa wapi hasa, ule mkanda na ile springi, na watoto wanaisubiri kwa ajili ya nini. Nikamalizia: kama huwezi, niambie huwezi, nitashukuru vilevile. Ukurasa mmoja. Nikautuma kwa Neema.

Neema aliusogeza siku hiyohiyo. Halafu kimya.

Kila asubuhi Mwalimu Fidelis anapiga simu, "Vipi Mama Leo?" Nami namjibu, "Bado uko kwa mshenga." Nilianza kuogopa sauti ya simu yangu. Nilijua watoto wameshaambiwa kuna mama Mabibo anashughulikia.

Kumbe Bwana Raghavan hakuwa mtu wa kusukuma barua asizozijua. Badala ya kuusogeza, akaniandikia mie. Maswali mawili. La kwanza: nani alikufundisha ufundi? La pili: taipureta ikiruka herufi, unatazama nini kwanza?

Nikahisi Mzee Mbwana amesimama nyuma yangu na kikofia chake. Nikajibu: nilifundishwa na Mbwana wa Temeke, sasa marehemu. Na mashine ikiruka herufi, namtazama kwanza mchapaji.

Jibu lake likaja mchana huohuo. Alisema amecheka hadi mkewe akatoka jikoni kuuliza kuna nini, kwa sababu baba yake, aliyemfundisha, alikuwa akisema maneno hayohayo kwa lugha yao. Mwisho akaandika: "Nimeupeleka kwa Margaret, na nimemwambia wewe ni wa kwetu."

Wa kwetu! Mtu ambaye hajawahi kuniona, wala sijawahi kuisikia sauti yake. Nilitoka nje nikasimama jua kali, nikitazama watu wanavyopishana na mikokoteni, nikawa najiuliza ni wangapi kati ya hawa wana mtu mahali wanasubiriana bila kujua.

Bi Margaret akajibu. Aliniandikia kama tumelelewa pamoja. Alikuwa amefanya kazi ya kutembelea shule za wasioona kusini mwa Afrika na begi la vifaa, mpaka akastaafu. Nyumbani kwake lilibaki sanduku la vipuri ambalo hakuna aliyewahi kuliulizia. "Nilikuwa nafikiri nitazikwa nalo," aliandika. "Ni lako. Lakini vipuri bila mkono ni vyuma tu, kwa hiyo kwanza nitakufundisha."

Akaanza kunifundisha, ujumbe kwa ujumbe. Alikuwa na maelekezo ya ajabu. Hakusema kipande cha rangi fulani au kilicho upande wa kulia wa picha. Alisema: pitisha kidole chini ya mhimili mpaka ukute kibonde, hapo bonyeza mpaka usikie inanong'ona. Nikamwandikia kwamba sielewi vizuri, naomba aniambie kinafananaje. Jibu likachelewa kidogo, halafu likaja:

"Mimi ni Thandeka, jirani yake. Mimi ndiye ninayeandika, na ndiye niliyemwandikisha humu ili asijisikie amesahauliwa. Bi Margaret haoni tena, macho yameondoka tangu alipostaafu. Anasema fumba na wewe."

Maneno hayo nikamsomea Mwalimu Fidelis. Akavua miwani akajifuta uso, akaivaa tena.

"Basi tufumbe, Mama Leo," akasema.

Tukafumba. Kwake ilikuwa kawaida, kwangu ilikuwa shule mpya. Nilitandika kitambaa changu cheupe nisichokiona, nikapanga skrubu kwa kuzihesabu na kidole gumba. Mwanzoni nilikuwa kama kuku kwenye giza. Baada ya siku kadhaa vidole vikaanza kuelewa kile ambacho macho yalikuwa yanakidharau: ugumu kidogo hapa, ulegevu kidogo pale. Mashine ile imeundwa kwa watu wa vidole, na ndani yake kila kitu kimewekwa mahali ambapo kidole kitakikuta. Aliyeibuni aliwaheshimu sana watu hao. Nilimwambia hivyo Bi Margaret, naye akajibu kwamba sasa naweza kupokea sanduku.

Sanduku litoke Bulawayo lije Dar. Posta? Thandeka alisema ni zito mno na wana hofu litapotea. Nikafungua tena ule mtandao, nikaanza kutafuta watu wa mizigo, na nani nimwone hatua ya kwanza, jina lake likiwa juu kabisa? Mzee Shirima. Malori.

Nikamfuata ndani kwake. Safari hii mie ndiye niliyevaa vizuri.

"Mzee Shirima, shikamoo. Nimekuja kuhusu ushirikiano wetu wa kibiashara."

"Marahaba. Nilijua ile barua haikuwa bure," akasema.

Aliyesema wazee hawaijui intaneti hakumjua Mzee Shirima. Wakala wake wa Tunduma alikuwa anamjua mtu wa Lusaka, wa Lusaka anamjua dereva anayevuka kwenda Bulawayo kupeleka mbolea. Walipigiana simu, nami nikawa nawaandikia maelezo Thandeka na wenzake. Sanduku likatoka mkono kwa mkono. Kila lilipobadilisha gari nilipata ujumbe: limefika kwangu, limeondoka kwangu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyemjua mtoto yeyote wa Mwalimu Fidelis. Dereva mmoja aliuliza tu kuna nini ndani, akaambiwa ni za watoto wasioona kufanyia mtihani, basi akalihamisha toka nyuma kwenye mzigo akaliweka mbele kwenye kiti cha abiria.

Tulilipokea hapahapa Kimara, kando ya Barabara ya Morogoro, mie na Mwalimu Fidelis na Mzee Shirima na suti yake. Lori lilisimama, dereva akashuka akalishusha kwa mikono miwili. Mwalimu Fidelis aliligusa kote, juu, pembeni, kwenye kamba, kama mtu anayemkagua mtoto aliyetoka safari.

Sikuweza kuzifufua zote. Nyingine nilizivunja ili zigawie zilizobaki viungo, na sitawadanganya nyie kwamba haikuniuma. Lakini kila mtoto wa darasa la saba alipata mashine yake. Mwalimu Fidelis ndiye aliyekuwa mkaguzi. Nachapa mstari, nampa karatasi, anapitisha kidole. "Nukta ya tatu imelala," anasema, nami narudi ndani. "Sasa imesimama." Akikubali, tunaiweka kando na kushika nyingine. Zikaisha mtihani ukiwa unapiga hodi.

Siku ya mtihani sikuruhusiwa kusogea karibu na chumba, na ni haki. Nilikaa na Mwalimu Fidelis nje ya uzio wa shule, kwenye kibaraza cha duka. Kutoka pale tulizisikia. Sijui nielezeje. Si kama taipureta, taipureta inapiga kelele kama mvua ya mawe. Zile zinagonga kwa uzito, taratibu, zote kwa pamoja, kila mtoto na mwendo wake. Nilikuwa na hofu moja tu, nisikie moja imenyamaza. Kila ilipopungua sauti nilishika goti la Mwalimu bila kujijua. Naye ananiambia, "Anafikiri tu, Mama Leo. Mwache afikiri." Na kweli ilianza tena.

Zikaanza kunyamaza moja moja, halafu zote. Nikamtazama Mwalimu, nimeshikwa na woga. Yeye akatabasamu.

"Kengele bado," akasema. "Wamemaliza."

Walipotoka, akaja binti mmoja anaitwa Mwanahawa, mwembamba, anaongea haraka kama wa Mbagala wote. Mwalimu akaniambia nimuulize mwenyewe. Nikamuuliza, "Mwanangu, mashine ilikuwaje?"

"Shikamoo mama. Mashine gani?"

"Marahaba. Ile uliyokuwa unaandikia."

Akafikiri kidogo. "Aa, ile! Mie hata nilisahau kama ipo."

Wajukuu zangu, katika miaka yangu yote ya ufundi sijawahi kupewa sifa kubwa kuliko hiyo. Kifaa kizuri ni kile ambacho mwenye kukitumia anakisahau, anabaki yeye na kazi yake. Mwanahawa leo ni mwanasheria, ana watoto, na akija hapa mnampokeaga mkoba bila kujua habari hii.

Jioni ileile, kabla jua halijazama, nilirudi Mabibo nikakaa kwenye kompyuta. Sikuandika mengi. Niliwaandikia wote waliopokea na kusogeza: Neema, Bwana Raghavan, Thandeka, mtu wa Lusaka, wakala wa Tunduma. Niliandika kwamba watoto wamemaliza kabla ya kengele, na kwamba mmoja wao nilipomuuliza kuhusu mashine alisema hata alisahau kama ipo.

Bwana Raghavan alijibu kwamba ameyaandika maneno hayo akayabandika ukutani dukani kwake. Neema aliandika tu "Mama Leo!" na alama za mshangao hadi mwisho wa mstari.

Jibu la Bulawayo likaja la mwisho, la Thandeka, fupi.

"Nimemsomea. Amesema nimsomee tena. Nimemsomea tena."